Mzungu wa Pili na Sheria za Nyumbani: Karata, Bao na Drafti kati ya Morogoro na Uluguru

"Tunacheza za wapi?"

Swali hili huja karata zikishachangwa na kukatwa, kabla mtu wa kwanza hajatupa. Mchezo wenyewe unajulikana. Kinachoulizwa ni sheria. Aliyekulia Kihonda ana zake, aliyesoma bweni Songea karudi na zake, na shemeji wa Tanga ataapa kwamba hizo mnazocheza hapo Morogoro ni za watoto. Ukiwa nayo karata ya aina iliyotupwa, waweza kuificha ukakata kwa turufu? Mwenzako akikukonyeza ni wizi au ni ujanja? Kwenye drafti, kete ambayo haijawa kingi inakula kurudi nyuma? Kwenye bao, tunaanza na nyumba au tunajaza mbili mbili kama wanaojifunza? Dakika kumi zinakwenda kwa mabishano, chai inapoa, na mgeni anaweza kudhani watu wamegombana, kumbe mchezo umeshaanza.

Wanaoandika juu ya michezo ya jadi hupenda kuigawa Afrika Mashariki kwa makabila: bao ni la Waswahili wa pwani, isolo ni la Wasukuma, omweso ni wa Waganda, ajua ni ya Wajaluo. Wakifika Uluguru wanauliza Waluguru wana mchezo gani wao, hawaoni ubao wenye jina la Kiluguru kwenye duka la vinyago, wanaandika michezo miwili mitatu ya watoto na kuondoka. Mimi naona swali ndilo limekosewa. Mji wa njiapanda kama Morogoro hauna sababu ya kubuni ubao wake, kwa kuwa mbao zote zinaupitia. Kilicho chake ni sheria zinazopatikana baada ya mabishano yale ya dakika kumi, pamoja na mkao: nani anakaa na nani mkekani, nani haruhusiwi kumcheka nani, na mchezo upi unaingia ndani ya nyumba na upi unaishia barazani.

Njia zenyewe ni za zamani. Msafiri Burton alipita chini ya milima hii mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene umezungushiwa boma la mawe na watu wake wamezoea misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi, askari wa pwani na wafanyabiashara walilala hapo, na mtu akilala safarini na jua halijazama hutafuta cha kuchezea. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Yakaja mashamba ya mkonge na manamba wake, watu waliotoka Songea, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Wengi wao walitoka kwenye nchi zenye michezo ya mashimo ya safu nne, kila moja na kanuni zake. Hata Malawi wanalo bao lao wanaloliita bawo. Kisha zikaja shule za bweni kama Mzumbe na Kilakala, ambako binti wa Kagera anapangwa chumba kimoja na binti wa Mtwara. Mtu akitaka kujua sheria ngeni ya karata imeingiaje katika nyumba ya Bigwa, asianze kuwahoji wazee. Amuulize kijana wa kidato cha tano aliyerudi likizo.

Tuanze na karata, kwa sababu ndizo zinazoingia ndani.

Maneno ya karata kwa Kiswahili ni makumbusho yasiyo na mlinzi. Karata yenyewe, turufu, shupaza, kopa, uru, pau: yote ni Kireno, mabaki ya watu waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na kufukuzwa humo mwaka 1698. Kwa Wareno wa zamani aina nne za karata zilikuwa na picha za panga, vikombe, sarafu za dhahabu na marungu. Espadas ni panga, ndiyo shupaza yetu. Copas ni vikombe. Ouros ni dhahabu, paus ni fimbo au marungu. Baadaye sehemu kubwa ya dunia ikahamia karata zenye picha za Kifaransa, hizi tunazonunua leo, na picha ya kikombe ikaondoka, ukaja moyo mwekundu. Jina halikuondoka. Kwa hiyo kijana wa Msamvu anayemtumia mchumba wake ujumbe uliojaa makopakopa, kwa asili ya neno anamtumia vikombe. Sijui neno lingine la Kiswahili lililosafiri kutoka kwenye kinywaji hadi kwenye mahaba bila hata mtu kulisukuma.

Lakini hazina kubwa zaidi iko kwenye karata za picha. Kamusi zetu zinazo, ingawa vijana wengi siku hizi husema tu kingi, kwini na jeki. Mfalme anaitwa mzungu wa nne. Ghulamu ni mzungu wa tatu. Bibi ni mzungu wa pili. Mtu akisoma haraka atadhani ni vyeo vya kuhesabu kutoka juu au kutoka chini, na hesabu haitakaa sawa: wa kwanza yuko wapi? Na kwa nini bibi, ambaye kwenye michezo mingi ya Kiingereza yuko juu ya ghulamu, hapa yuko chini yake?

Jibu liko kwenye pointi. Ucheze wahedi wa sitini, mchezo ambao jina lake la Kiarabu maana yake ni sitini na moja, na utaona. Nane, tisa na kumi zinawekwa kando, zinabaki karata arobaini. Wanne wanacheza wawili kwa wawili, waliokaa wakitazamana wakiwa upande mmoja, kila mtu na karata zake kumi. Ree inahesabiwa 11. Saba, ambayo wazee waliiita seti kwa neno lilelile la Kireno, ina 10. Mfalme ana 4, ghulamu 3, bibi 2. Jumlisha: kila aina ina pointi 30, aina nne zina 120, na nusu ya 120 ni 60. Mwenye 61 ameshinda. Hao "wazungu" basi hawakupangwa kwa cheo; wameitwa kwa thamani yao. Mzungu wa nne ni picha yenye pointi nne. Hesabu hiyohiyo, pointi kwa pointi, ndiyo inayotumika Ureno mpaka leo katika mchezo wao wa sueca. Na bibi yuko chini kwa sababu katika karata za zamani za Kireno picha ya chini kabisa ilikuwa ya mwanamke. Zilipokuja za Kifaransa, malkia akarithi kiti cha chini alichokikuta.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanagusa jambo ambalo Uluguru ni jambo zito. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Lukolo, yaani ukoo, unapita kwa mwanamke, na ardhi ya ukoo kadhalika. Tawi la ukoo huitwa tombo, titi, ndiyo maana wenyeji hawaoni ajabu kuwa na mahali panapoitwa Matombo. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo baba yao hana. Sasa kaa mkekani na watu wa nchi kama hiyo, uwaambie kwamba mwanamke ana pointi mbili na mtumishi wa kiume ana tatu. Nitairudia habari hii, maana nimeiona ikizua kesi.

Karata zisizo na pointi zinaitwa garasa, na hapo mkeka umeipa siasa na michezo lugha. Mshambuliaji aliyesajiliwa kwa mamilioni akashindwa kufunga ni garasa. Mgombea anaambiwa achange karata zake vizuri. Anayeshikilia siri anasemwa ana turufu mkononi. Watu ambao hawajawahi kushika karata maishani, pengine kwa sababu za dini, wanaongea kikarata kutwa nzima.

Mchezo mwingine wa nyumbani ni ule wa kumaliza karata mkononi, lasti kadi, ambao kila nchi ya jirani ina wake: Uganda wana matatu, Kenya wanauita kadi tu. Unatupa inayofanana aina au namba na iliyo chini, na ukibakiwa na moja sharti utamke. Hapa ndipo sheria zinapotofautiana mpaka inachosha, kwa kuwa kila nyumba imeamua yenyewe karata ipi inamlisha jirani mbili, ipi inamruka, ipi inageuza mzunguko. Lasti kadi haidai akili nyingi na ndiyo sifa yake. Mtoto wa miaka saba anaweza kumfunga babu yake kwa bahati tupu, na babu akakubali kufungwa.

Wahedi wa sitini haukubali hivyo. Unamtaka mtu akumbuke ree ngapi zimeshatoka, saba ya turufu iko kwa nani, mwenzake ametupa garasa kwa kukosa au kwa kumpa ishara. Ndiyo maana ni mchezo wa watu wazima wa nyumba moja, waliozoeana mpaka kikohozi cha mtu kinajulikana maana yake.

Milimani karata zina nafasi ambayo bao halina, na sababu ninayoiona ni ardhi yenyewe na baridi. Panda kutoka mjini kwenda Mgeta: mashamba ya kabichi, karoti na njegere yameinama kama paa, na kila kipande kilicho tambarare kimeshapata nyumba au kitalu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka mapema, na jua likizama watu wako jikoni, mafiga yakiwaka. Bao ni mchezo wa kivuli na saa nyingi za mchana. Linataka uwanja, watazamaji waliosimama, mtu anayepita njia na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Jikoni Nyandira, hukohuko Mgeta, hakuna nafasi ya watazamaji. Karata arobaini zinakaa mfukoni mwa koti, na mkeka mmoja unatosha.

Upande wa mashariki, unaotazama bahari, hali ni nyingine kidogo. Kinole, Tawa, Mkuyuni ni nchi ya ndizi, nanasi na viungo, joto ni jingi zaidi, misikiti ni ya siku nyingi, na mwendo wa maisha uko karibu na wa pwani. Huko utakuta wazee chini ya mwembe na ubao wa bao kati yao, na mara nyingine hakuna hata ubao: mashimo 32 yamechimbwa chini, mviringo kwa kiganja. Kete rasmi za bao ni mbegu za mkomwe, kijivu, ngumu, laini mkononi kama zimepakwa mafuta. Mkomwe ni mmea wa ufukweni. Kadiri unavyoiacha bahari ndivyo mbegu nyingine na kokoto zinavyochukua nafasi yake, na wachezaji wazoefu hulalamika kwamba kokoto haina sauti. Malalamiko hayo si ya kupuuza. Mchezaji mzuri hahesabu kete kwa macho peke yake, anazisikia zikidondoka.

Bao la kiswahili ni safu nne za mashimo manane na kete 64, 32 kwa kila mtu. Kinachoshangaza wageni ni kwamba mchezo unaanza na ubao karibu mtupu. Kila mchezaji anaweka kete sita kwenye shimo moja la safu ya mbele linaloitwa nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Hatua hii ya kwanza ni ya kunamua: unaingiza kete moja moja, na kama shimo uliloingiza lina kete na linakabili shimo la mpinzani lenye kete, unakula, kisha unazisambaza ulizokula kuanzia kichwa cha safu yako. Zikiisha mkononi ndipo inakuja hatua ya mtaji, ambapo unacheza kwa zilizo ubaoni tu. Aliyeishiwa kete safu ya mbele amefungwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Mali iliyo nyuma haiokoi mtu.

Nyumba ndiyo moyo wa ubishi. Kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani kwako, na huli, una hiari: ulale pale, au uvunje nyumba na kusafiri nazo. Nilikaa mara moja pembeni ya baraza moja Mwembesongo kwa muda wa kikombe cha kahawa na kashata mbili, nikimtazama mzee mmoja aliyekuwa na kete kumi na nne nyumbani. Mkono wake ulikuwa juu ya shimo, vidole vimefunguka, hauendi wala haurudi. Kijana aliyesimama nyuma akasema, "Safiri, babu." Mzee hakugeuka. "Wewe kodi ya nyumba hulipi," akamjibu, "utajuaje uchungu wa kuhama?" Akalala. Mizunguko mitatu baadaye nyumba ile ililiwa yote, na kijana alikuwa na adabu ya kunyamaza.

Wenye kulicheza bao "la kujifunza" hawana nyumba kabisa: kila shimo linajazwa kete mbili na watu wanaanza moja kwa moja. Barazani linadharauliwa, lakini ndilo linalofundishwa nyumbani na shuleni, na kwa familia nyingi za mjini hilo ndilo bao wanalolijua. Mtu akisema anajua bao, muulize la nyumba au la mbili mbili. Utakuwa umemjua nusu. Hata Oman wana hawalisi lao, la mashimo saba kwa safu, na waliokaa Unguja na Muskati wanajua kwamba huwezi kuhama na mazoea yako bila kufungwa kwanza.

Kwa nini bao haliingii ndani? Jibu rahisi ni kwamba ni la wanaume, na baraza ni yao. Nyumba za Kiswahili za Mji Mpya na mitaa ya jirani zilijengwa na ukumbi katikati na kibaraza mbele, na mgawo huo umekuwa mgawo wa michezo: kibaraza ni bao na drafti, ukumbi ni karata na ludo. Wanawake niliowaona kwenye baraza za bao mjini wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini nadhani kuna sababu ya pili. Bao lina maneno. Anayefungwa anatukanwa kwa mafumbo, anaambiwa akaoe, akalime, akamuulize mkewe. Haya hayasemeki mbele ya watoto wala mbele ya mkwe. Na bao lilikuwa mchezo wa wakubwa wa nchi pia, pa kukutana bila itifaki: Mwalimu Nyerere alilipenda, na Rais Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 akiwa anacheza bao na wenzake makao makuu ya Afro-Shirazi, Kisiwandui.

Drafti niipite upesi. Ni ubao wa miraba 64, mara nyingi kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa rangi iliyobaki, na vizibo vya soda: upande mmoja vimelala chali, upande mwingine vimefunikwa, kwa hiyo hakuna haja ya rangi mbili. Ni mchezo wa kijiweni, wa bodaboda wanaosubiri abiria. Una haraka na hauna ukoo. Wazee wa bao wanaudharau kwa sababu hakuna kinachosikika.

Sasa turudi mkekani, maana hapo ndipo sheria ambazo hazisemwi zinapofanya kazi. Mtu haketi popote. Mkwe na mama mkwe hawachezi upande mmoja wala pande mbili. Kwa kawaida hawachezi pamoja kabisa, kwa sababu mchezo una kula, kucheka na kurushiana maneno, na heshima ya mkwe haina mlango wa kuyapitishia hayo. Akiingia mama mkwe, kijana anakumbuka ghafla kwamba ana kazi nje. Baba na mwana wanacheza, lakini kwa ukimya. Mwana akimfunga baba hashangilii. Babu na mjukuu ndio wenye uhuru wote. Ni watani. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", mjukuu anamwambia "mume mwenyewe mwizi, tazama ameficha ree chini ya goti", na nyumba nzima inacheka. Shemeji na shemeji vilevile. Ukitaka kupanga watu wanne watakaocheza mpaka saa nne usiku bila mtu kununa, panga kwa utani: babu na mjukuu huku, mashemeji kule.

Mjomba ni kesi ya peke yake. Kwa Waluguru anaweza kuwa mtu anayeamua utalima wapi, kwa hiyo huwezi kumchezea kama babu. Lakini si baba pia. Yuko upande wako wa damu. Nimeona mara nyingi mjomba akipewa kazi ya kuandika pointi, akishika daftari la shule na kalamu, akiwa ndani ya mchezo na nje yake. Ni suluhu yenye akili. Mwenye ardhi awe hakimu.

Watoto wana ulimwengu wao, na michezo yao ya mashimo ilikuwapo kabla ya ubao wowote kuingia nyumbani. Mdako unahitaji shimo moja na kokoto: unarusha moja juu, na kabla haijarudi mkononi unavuta nyingine nje ya shimo, kisha unazirudisha na kubakiza idadi inayotakiwa. Wasichana wanaojua mdako wana hesabu na kasi ya mkono ambayo mcheza bao angeitamani. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mkono uliofundishwa hivyo mpaka miaka kumi na miwili haukaribishwi barazani baada ya hapo. Ludo nayo ilikuja na maduka ya Wahindi na madaftari, ikazoeleka mpaka watu wamesahau kwamba ni ngeni. Siku hizi iko kwenye simu, dadu inatupwa na programu, na ubishi wa "dadu ilikaa upande, irudiwe" umekufa. Simu haina sheria za nyumbani. Imeamua yenyewe.

Dini na serikali zina maoni juu ya yote haya. Kwa Waislamu kamari ni haramu bila mjadala. Mjadala uko kwenye mchezo usio na dau, na hasa kwenye dadu, ambayo hadithi zimeikemea. Kwa hiyo kuna nyumba Morogoro zenye karata bila ludo, na nyumba zenye ludo bila karata, kutegemea sheikh gani anasikilizwa. Kwa Wakatoliki wa Mgeta, ambako misheni iko tangu mwanzo wa karne ya ishirini, karata hazina doa hilo, isipokuwa zikichezwa na pombe. Ulinzi mkubwa wa karata za nyumbani ni chuki ya watu dhidi ya zile za njiani. Kila aliyewahi kushuka kwenye stendi kubwa anajua karata tatu: boksi lililopinduliwa, mikono myepesi, wateja watatu wanaoshinda sana ambao kumbe ni wenzake na mchezeshaji. Bibi akikukuta na karata mfukoni, kwanza atataka kujua umezitoa stendi au nyumbani kwa mjomba.

Serikali kwa upande wake hushughulika na baraza. Tangu Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na hata kabla, viongozi wa wilaya na mikoa nchini wamekuwa wakipiga marufuku bao, drafti na pool saa za kazi, kila mmoja kwa msimu wake. Amri hizi hazidumu, na naelewa hasira iliyo nyuma yake, ila zinapima kivuli kwa saa za ofisi. Mkulima aliyetoka shambani saa nne asubuhi, baada ya kulima tangu alfajiri, amemaliza kazi yake wakati karani hajanywa chai.

Sasa ile kesi ya bibi.

Ilikuwa Mgeta, mwezi wa saba, kwenye nyumba ya ndugu zangu. Tulikuwa wanne mkekani, moshi wa kuni umetulia kiunoni, na mjomba akiwa na daftari lake. Mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa mwenzangu. Shemeji wa Tanga alikuwa mgeni, amekuja na treni ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro kuwa jambo la kwenda na kurudi siku moja, kisha kapanda na gari la mizigo lililokuwa likirudi tupu kutoka sokoni kwa Chifu Kingalu. Alikuwa anacheza vizuri na anajua hivyo. Hakuuliza tunacheza za wapi.

Bibi alitupa mzungu wa pili wa kopa. Shemeji akaachia wa tatu juu yake, akacheka, akanyoosha mkono kukusanya. Bibi akaushika mkono ule palepale.

"Hapa kwangu," akasema, "ghulamu hamli mwenye nyumba."

Ilibidi mjomba aeleze. Katika nyumba ile bibi ana tatu na ghulamu ana mbili, tangu enzi za mama yake bibi. Shemeji akapinga kwa nguvu: Tanga si hivyo, Unguja si hivyo, hata kamusi si hivyo, mzungu wa pili ni wa pili. Mjomba akalamba ncha ya kalamu, akajumlisha kwenye pembe ya karatasi ili kila mtu aone. Kumi na moja, kumi, nne, tatu, mbili. Thelathini. Mara nne, mia na ishirini. Nusu yake ileile.

"Haijapungua kitu," akasema, na kumsogezea bibi karata zake.